WIMBO WA TAIFA NA DHAMIRI YA MTU

Katika mabaraza ya Korogwe na Handeni, na hata katika vyumba vyetu vya kazi saa ya chai, husikika mara kwa mara swali hili: mtu anayekataa kuimba wimbo wa taifa, au kutamka maneno ya ahadi ya utii kwa nchi, kwa sababu dini yake yamkataza, je, ni raia mwema au ni mwasi? Wengi hujibu upesi kwamba ni mwasi, na kama ni mwanafunzi, afukuzwe. Sisi twaona kwamba jibu hilo hutolewa kabla ya jambo lenyewe kupimwa. Na kwa kuwa ni sisi watumishi wa serikali tunaoandika barua za kufukuza na kuyatunza majalada yake, yatupasa kulipima kabla ya wengine.

Jambo hili si la kubuni. Wanafunzi 127 wa nchi hii, walio wa dini ya Mashahidi wa Yehova, walisimamishwa au kufukuzwa shule kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Shauri lao lilianzia mkoa wa Mbeya. Watu hawa huamini kwamba kuimba wimbo wa taifa na kuisalimu bendera ni namna ya ibada, na kwamba ibada ni haki ya Mungu peke yake. Desturi yao ni kukaa kimya kwa adabu wakati wenzao wanapoimba. Hawapigi kelele, hawaichani bendera, wala hawawazuii wengine. Mahakama Kuu ilikubaliana na wakuu wa shule. Lakini tarehe 12 Julai 2013 Mahakama ya Rufani, ambayo juu yake hakuna nyingine katika nchi, iliitengua hukumu hiyo kwa kauli moja na kuzifuta adhabu za wanafunzi.

Twashangaa kuona kwamba miaka mingi imekwisha pita tangu hukumu hiyo, na bado wako watumishi wenzetu wasemao kana kwamba haikutolewa. Mwalimu husema, "Utaratibu wa shule ni huu." Karani husema, "Mimi naandika tu niliyoambiwa." Maneno hayo hayatoshi. Utaratibu wa shule uko chini ya waraka, waraka uko chini ya sheria, na sheria iko chini ya Katiba. Ngazi hiyo twaijua sote, maana ndiyo kazi yetu ya kila siku. Haifai tuisahau anapotokea mtu ambaye dini yake hatuipendi.

Sasa tutazame wimbo wenyewe. Sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti huko Johannesburg, Afrika Kusini. Ulikuwa wimbo wa kanisani kabla haujawa wimbo wa wapigania uhuru. Tanganyika iliupokea kuwa wimbo wake ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961, na Zambia ikaichukua sauti hiyo hiyo mwaka 1964 na kuitungia maneno yake. Maneno yetu sisi yamwomba Mungu aibariki Afrika na viongozi wake, na aibariki Tanzania na watoto wake. Basi, wimbo huu ni dua. Mwenye kuuimba huku akiyafahamu maneno yake anamwomba Mungu, ijapokuwa amesimama uwanjani wala hayumo kanisani au msikitini.

Na Katiba yetu ya mwaka 1977 yasema kwamba Jamhuri ya Muungano haina dini. Yasema tena, katika ibara ya 19, kwamba kila mtu ana uhuru wa imani, na kwamba kufanya ibada ni hiari ya mtu mwenyewe, na mambo ya jumuiya za dini yako nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hapa pana jambo la kufikiri. Nchi isiyo na dini ina wimbo ulio dua. Hatusemi kwamba ni kosa. Sisi wenyewe twauimba kwa moyo wote, na hatutaki ubadilishwe hata neno moja. Lakini kwa kuwa ni dua, kumlazimisha mtu auimbe ni kumlazimisha aombe. Na dua ya kulazimishwa haimfai mwombaji, haimfai mlazimishaji, wala hatudhani kwamba Mungu anaihitaji.

Mtu akiona neno hili ni gumu, na aitazame desturi yetu wenyewe katika sherehe za hadhara. Mwenge wa Uhuru ukipokelewa, au jengo jipya la zahanati likifunguliwa, huitwa sheikh na padri. Sheikh akiomba, Wakristo waliopo huinamisha vichwa na kunyamaza. Padri akiomba, Waislamu hufanya vivyo hivyo. Asiyesema "Amina" hasemi, wala hakuna ofisa apitaye katikati ya watu na kitabu mkononi akiandika majina ya walionyamaza. Na hakuna aliyewahi kutoka pale akalalamika kwamba amani ya wilaya imevunjika. Twajua wote kwamba kimya kile ni heshima. Mbona basi kimya hicho hicho, kikiwa cha mtoto wa miaka kumi na minne katika mstari wa asubuhi, tukiite uasi?

Desturi hii ya kuheshimiana si ngeni katika nchi yetu ya Tanga. Mwaka 1922 Martin Kayamba, Mbondei aliyesomeshwa na misheni ya Kiingereza, aliwakusanya watumishi wa serikali mjini Tanga akaanzisha chama cha kwanza cha watumishi Waafrika katika Tanganyika. Yeye alikuwa Mkristo, na katika wenzake walikuwamo Waislamu. Waliketi katika chama kimoja, maana lililowakusanya lilikuwa kazi na maendeleo ya Waafrika, si sala ya fulani au ya fulani. Mpaka leo Uziguani na Usambaani si ajabu kukuta ukoo mmoja ambao baba ni Mwislamu na mjomba ni padri, na siku ya msiba wote huchimba kaburi moja. Hayo ndiyo malezi yetu.

Wako wasemao kwamba kuimba ndiko kunakomfundisha mtoto kuipenda nchi. Twakubali kwamba wimbo waweza kuamsha upendo uliokwisha kuwamo moyoni. Lakini je, waweza kuuzaa kwa nguvu? Tuwaulize wazee wetu. Zamani za Wadachi watoto wa shule za serikali walifundishwa kuisherehekea siku ya kuzaliwa kwa Kaisari. Majeshi ya Waingereza yalipofika Korogwe na Handeni mwaka 1916, sherehe ile ilikwisha, wala haikuacha upendo wa Kaisari katika nchi. Kisha wakaja kufundishwa wimbo wa Mfalme wa Uingereza, nao wakauimba shuleni kwa sauti nzuri sana, wengine kwa sauti nne. Na hao hao waliouimba ndio waliotoka shuleni wakadai uhuru. Ulimi hauna mfupa. Waweza kupindwa upande wowote. Moyo ndio usiopindika kwa amri ya mwalimu mkuu.

Sisi watumishi wa serikali tulikwisha kuonja jambo hili wenyewe. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kuwamo katika vyama vya siasa. Wengi walitii kwa midomo na kwa mikono, kwa kuwa walikuwa na watoto wa kulisha. Lakini mioyo yao ilikuwa mahali pengine, na serikali ile ilijidanganya iliposadiki kwamba utii wa ofisini ni mapenzi. Tusilirudie kosa la wale waliotutawala. Wahenga walisema kwamba hiari yashinda utumwa.

Wala tusidhani kwamba serikali yetu wenyewe haikupata kujifunza hapo. Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku hapa nchini mwaka 1965, na ruhusa yao ikarudi mwaka 1987. Katika miaka hiyo ishirini na miwili nchi haikupata faida yoyote kwa kuwafungia, na tangu waliporuhusiwa haikupata hasara. Huko Malawi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Walipigwa marufuku mwaka 1967, na mwaka 1972 maelfu yao walikimbilia nchi za jirani kwa sababu ya mateso waliyopata kwa kukataa kununua kadi ya chama kilichotawala. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1993. Kadi ile ilikuwa kipande cha karatasi tu, lakini kwa ajili yake watu walipigwa na kuchomewa nyumba. Ndivyo ilivyo kawaida ya mambo haya: huanza na neno dogo la kutamka, na mwisho wake hakuna ajuaye.

Mataifa makubwa nayo yamepita njia hii. Marekani wana ahadi yao ya utii kwa bendera, iliyotungwa mwaka 1892, na kwa miaka mingi watoto walilazimishwa kuitamka shuleni. Mwaka 1940 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba shule zina haki ya kuwalazimisha, na baada ya hukumu hiyo watu wa mitaani waliwashambulia Mashahidi wa Yehova mahali pengi, wakaona ni halali kufanya hivyo. Mwaka 1943 Mahakama ile ile ilijigeuza, majaji sita kwa watatu, ikasema kwamba hakuna ofisa awezaye kumlazimisha raia kukiri kwa mdomo jambo ambalo dhamiri yake yalikataa. Na kumbukeni kwamba mwaka 1943 nchi ile ilikuwa katikati ya vita vikuu, wakati ambapo kila serikali hutafuta utii kwa taa. Baadaye, mwaka 1954, waliongeza jina la Mungu katika ahadi hiyo kwa sheria. Na tangu hapo wasioamini kuwa yuko Mungu nao wakawa na neno la kulalamikia. Ndipo waonekanapo ugumu wa kuchanganya dini na utii: ukimweka Mungu katika ahadi, mmoja analia, ukiifanya bendera kuwa kama mungu, mwingine analia. Dawa ni moja tu, yaani hiari.

India nao, mwaka 1986, Mahakama yao ya juu iliwarudisha shuleni watoto watatu wa jimbo la Kerala waliokuwa wakisimama kwa heshima wimbo ukiimbwa lakini hawaimbi. Ni kweli kwamba jirani zetu wa Zambia waliamua kinyume. Mwaka 1967 Mahakama Kuu yao ilisema kwamba shule ilikuwa na haki ya kumfukuza mtoto asiyetaka kuimba. Hatuifichi hukumu hiyo. Nchi ile ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu tangu uhuru, na nchi changa huwa na hofu nyingi. Lakini Tanzania ya leo si nchi changa. Imesimama zaidi ya miaka sitini, na bendera yake haitaanguka kwa sababu mtoto mmoja amefumba mdomo.

Sasa na tuzijibu hoja za ndugu zetu wasioafiki, maana si haki kuzipita.

Kwanza, wasema kwamba Mtume Paulo aliwaagiza Warumi watii wenye mamlaka, na kwamba Waislamu nao wameamriwa kuwatii wenye madaraka juu yao. Ni kweli. Lakini sisi tuliosomeshwa katika shule za misheni twakumbuka pia habari za vijana watatu wa Kiyahudi huko Babeli, katika kitabu cha Danieli, waliokataa kuisujudia sanamu ya mfalme muziki ulipopigwa, ingawa walikuwa watumishi wa serikali ya mfalme huyo na kazi yake waliifanya vizuri. Na ndugu zetu Waislamu wanajua kwamba Sura ya Al-Baqara yakataza kulazimishana katika dini. Kila dini iliyo kubwa leo ilikuwa na siku yake ya kuwa ndogo, na siku hiyo iliomba yale yale tunayowaombea wengine sasa. Tena mwalimu si kadhi wala si askofu. Hakuajiriwa kuamua kama imani ya mtoto ni sahihi.

Pili, wasema kwamba nchi yenye makabila zaidi ya 120 yahitaji umoja, na mwanya mdogo utaivunja. Sisi twaona kwamba umoja wa nchi hii haukujengwa kwa kufanana. Ulijengwa kwa Kiswahili, kwa shule, kwa kuhamishwa watumishi kutoka Bukoba kuja Handeni na kutoka Korogwe kwenda Songea, na kwa kuwahukumu watu wote kwa sheria moja. Mtoto akifukuzwa shule kwa kunyamaza, atajifunza kwamba nchi haimtaki. Na huyo ndiye atakayekuwa mwanya.

Tatu, wasema, "Leo atakataa wimbo, kesho atakataa kodi, kesho kutwa atakataa watoto wake wasichanjwe, na kila mara atasema ni dini." Hoja hii ina uzito, nasi twaiheshimu. Jibu lake limo katika Katiba yenyewe. Ibara ya 30 yasema kwamba haki za mtu zisitumiwe kuingilia haki za wengine au maslahi ya umma. Asiyelipa kodi aliyotakiwa amewatwisha wengine mzigo wake. Asiyechanja mtoto aweza kuwaletea majirani maradhi. Watu hao sheria itawakuta. Lakini asiyeimba amemdhuru nani? Wimbo umeimbwa, bendera imepanda, kengele imelia na masomo yameanza. Mpaka upo, na haukujificha: ni pale madhara yanapomfikia mtu mwingine.

Nasi twaongeza kwamba mwenye kukataa naye ana wajibu. Yampasa kunyamaza kwa adabu, asicheke, asigeuze mgongo kwa dharau, wala asiwashawishi wenzake wafanye fujo. Yampasa kufagia uwanja, kwenda bustanini na kufanya mitihani kama wenzake. Akiidharau bendera kwa matendo, hapo ni jambo jingine, nasi hatutamtetea. Twatetea kimya tu.

Basi, tufanyeje sisi tulio kazini? Twaona mambo matatu. Mwalimu mkuu akiona mtoto hauimbi wimbo, na amwite mzazi wake kwa upole aulize sababu, maana huenda ni dini, huenda ni utundu tu, na dawa zake si moja. Ofisa wa elimu akiletewa shauri la namna hii, na aisome hukumu ya mwaka 2013 kabla ya kutia sahihi. Na karani anayepewa barua ya kuandika, akiona kwamba inamfukuza mtoto kwa kosa la kunyamaza, ana haki na wajibu wa kumwambia mkubwa wake kwa adabu, "Bwana, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema juu ya jambo hili." Hilo si ukaidi. Kumzuia mkubwa wako asiivunje sheria ni utumishi bora kuliko kumwitikia kila asemalo. Barua huandikwa kwa dakika tano. Lakini mtoto aliyekosa mtihani wake wa kidato cha nne kwa sababu ya barua hiyo hatarudishiwa mwaka wake na mtu yeyote.

Tena, sheria yetu ya viapo yenyewe yatufundisha. Mtu akifika mahakamani naye hataki kuapa kwa jina la Mungu, huruhusiwa kuthibitisha tu kwamba atasema kweli, na ushahidi wake hupokelewa kama wa yule aliyeapa. Ikiwa mahakama, inayoweza kumfunga mtu miaka thelathini kwa ushahidi huo, imeridhika na asiyeapa, shule nayo yaweza kuridhika na asiyeimba.

Mwisho twapenda kusema juu ya uaminifu wenyewe, maana hilo ndilo neno kubwa. Mwananchi wa Handeni aliyetembea tangu alfajiri kuja ofisini kwetu hatatuuliza kama tuliimba asubuhi. Atatazama kama jalada lake limeonekana, kama ameombwa chochote ili lionekane, na kama amejibiwa kwa heshima au amefokewa kama mtoto. Katika mambo hayo ndimo nchi inamopendwa au kusalitiwa. Yuko mtu aimbaye kwa sauti ya kutikisa madirisha, na mfukoni ana fedha ya umma. Na yuko mwingine anyamazaye, na mizania yake imelingana mpaka senti ya mwisho. Kama twataka kuwatafuta wasio waaminifu kwa Tanzania, tusianzie katika mstari wa watoto. Na tuanzie katika meza zetu.

Haya ndiyo maoni yetu. Mwenye mengine na ayalete katika gazeti hili, nayo yatapokelewa kwa heshima ile ile tunayowaombea walionyamaza.